Shairi la Mtu Aliye Hai

Huku kwetu Bwera, mpakani na Congo, ukitaka kusikia mtu anasifiwa, nenda kwenye matanga. Hapo utasikia kwamba marehemu hakuwa mchoyo, hakuwa mlevi, alipenda watoto wa wenzake, na chai yake ilikuwa na maziwa. Wanaosema hivyo ni wale wale ambao juzi walimwita mchawi kisimani, na hakuna anayeshangaa. Sifa ni mali ya marehemu, kama sanda. Ukimsifu mtu aliye hai atakuuliza unataka nini kwake.

Benedicte hakulijua hilo, au alilijua akadhani linaweza kubadilika. Mimi nafikiri alilijua.

Kwao ni upande wa Oicha, ng'ambo ya Congo. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na kila asubuhi kabla ya hesabu aliwafundisha shairi. Vita ilipofika shuleni kwao alivuka daraja la Mpondwe pamoja na watu wengine, bila kitabu hata kimoja. Mashairi yalikuwa kichwani, na mpakani hawakagui kichwa. Baadaye alipata vitenge vya kuuza, akapata nafasi sokoni kando ya meza ya nyanya yangu, Ketura, aliyeuza unga wa muhogo.

Lakini kabla ya vitenge kulikuwa na njaa. Siku zile nyanya alimpa unga kila jioni. Hakupima kwa kikombe kama kwa wateja. Aliingiza mikono yote miwili ndani ya gunia akatoa alichotoa. Benedicte alikuwa anaitazama ile mikono, myeupe mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayesoma.

Nyanya hakuwa na maneno matamu. "Kapike bundu ule," alimwambia. Bundu ndiyo ugali wetu wa muhogo. "Na usilie juu ya sufuria. Chumvi itazidi."

Katikati ya soko kuna kizindalo: spika zenye midomo mipana kama tarumbeta, zimefungwa juu ya mti mrefu wa mkaratusi, na chini yake kibanda cha Baker, mwenye mashine. Ukipoteza mbuzi unaenda kwa Baker. Chanjo ya watoto, Baker. Mtu akifa, Baker, na siku hiyo kila anayesikia tangazo anaweka jembe chini, kwa sababu hakuna kulima wakati jirani hajazikwa. Baker mwenyewe alitangaza kwa Lhukonzo, lugha yetu, na kwa Kiingereza. Lakini nusu ya soko letu ni Wakongomani, tena kuna askari wa mpakani, kwa hiyo alihitaji mtu wa Kiswahili. Benedicte alikuwa na sauti ya kutulia, inayofika mbali bila kupiga kelele. Akamchukua.

"Patron," yaani bosi, Benedicte alimwambia, "mbele ya matangazo unipatie dakika kidogo. Niseme shairi."

"Shairi ya nini?"

"Ya bure. Ya watu."

Baker alicheka mpaka akakohoa. "Madamu, hapa watu wanataka kujua nani amekufa na mbuzi ya nani imepotea."

"Hizo banasikia kila siku. Basikie na yangu. Shairi ikibaki mu masomo inaoza, sawa muhogo balisahau mu maji."

Baker alikubali kwa sababu kumkatalia kungemchosha zaidi.

Mwanzoni walimtania. Crispus wa boda boda, ambaye husimama na pikipiki yake chini ya mkaratusi pale pale, alipaza sauti: "Madamu! Hiyo shairi inachemshwa ama inakaangwa?" Watu wakaanguka kicheko. Wauza samaki wa chumvi kutoka Katunguru wakamwambia basi na wao wanataka shairi la samaki. Akawatungia. Siku ya soko iliyofuata alisema shairi la samaki aliyeuliza kwa nini anatiwa chumvi na yeye alishalia machozi yake yote ziwani. Walicheka tena, lakini nilimwona mmoja wao akimwinua samaki na kumtazama usoni kabla ya kumfunga kwenye gazeti.

Alikuwa na shairi la mvua inayokosea njia, na la daraja linalojua miguu ya kila anayelivuka. Afande mmoja wa mpakani alikuja mpaka kibandani na bunduki yake begani. "Wewe! Ile ya daraja. Rudia!" Benedicte akarudia. Afande akasimama wima mpaka mwisho, akageuka akaenda, hata asante hakusema. Benedicte siku hiyo hakula mchana. Alisahau. Alikaa juu ya vitenge vyake, na mteja akimuuliza bei anajibu "Ndiyo."

Kama angebaki kwenye samaki na daraja, leo angekuwa bado anasema.

Mwaka ule nyanya aliumwa mgongo, akawa analala kwa tumbo na hawezi kujigeuza. Mwanawe Tefiro anapakia saruji kule Hima, na Hima si mbali. Gari zinapita kutwa. Tulimpigia simu. Alisema anakuja wiki ijayo. Aliendelea kusema hivyo hivyo mpaka mgongo ukapona bila yeye. Aliyemkanda nyanya kwa maji ya moto na mafuta ya nazi ni Benedicte, na alipokuwa anamkanda nilikuwa nasikia midomo yake inatembea polepole, anajaribu maneno.

"Mama Ketura," alisema siku moja, "nitakutungia shairi. Nitaisema pale juu, soko yote isikie."

"Nimekufa?" nyanya alisema na uso ndani ya mto.

"Hapana. Ndiyo sababu."

Nyanya aligeuza uso ukutani. Nilidhani amekasirika. Halafu akauliza, taratibu, "Utasema na jina langu?"

"Jina ndiyo itaanza."

Siku alipolisema sisi hatukuwepo. Nyanya alikuwa amepona, akataka kwenda shamba la mlimani kung'oa muhogo, na mimi nikamfuata. Huko juu sauti ya kizindalo inafika, maneno hayafiki. Tulisikia Benedicte anapanda na kushuka kama mtu anayetembea kwenye kilima. "Ni wewe hiyo?" nilimuuliza nyanya. "Nitajuaje?" alisema, lakini aliacha kung'oa, akaegemea jembe mpaka sauti ilipokwisha.

Shairi lenyewe nililipata kwa Benedicte baadaye sana. Lilianza hivi:

Ketura mikono yako, iliyonipa chakula,
Nilipovuka kivuko, bila pahali kulala,
Hukunipimia mwiko, hukuuliza kabila,
Bwera itakukumbuka, Ketura mama wa unga.

Liliendelea, kila ubeti ukimalizikia kwenye mstari ule ule. Benedicte alilisema kwa sauti yake ya siku zote, kwa sababu hakuwa na nyingine, na sauti hiyo ndiyo watu waliyoizoea kwa habari za vifo. Lakini walilisikia vizuri. Hakuna neno lililopotea. Walisikia jina la mtu, wakasikia kwamba hakuwa mchoyo, kwamba Bwera itamkumbuka. Kwa akili ya Bwera kulikuwa na maana moja tu. Nani anasema maneno kama hayo juu ya mtu anayepumua?

Crispus akavua kofia yake ya pikipiki. Akachukua simu akampigia Tefiro. Wanawake wa unga walifunga magunia yao. Benedicte alipomaliza alitangaza chanjo, na hakuna aliyesikiliza chanjo. Aliwaona wanaondoka sokoni kimya, wengine wamejifunga kanga viunoni. Aliniambia baadaye alidhani shairi limewagusa.

Tuliteremka mchana, nyanya na mzigo wake mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na mimi nyuma na kuni. Kutoka mbali tuliona moshi nyumbani kwetu. Tukasikia kilio. Nyanya akaongeza mwendo.

Uani kulikuwa na moto wa matanga, magogo makubwa, wanaume wameuzunguka. Wanawake walikuwa chini, mmoja anaongoza: "Ketura wee, ulikuwa unatoa bila kuhesabu! Ketura wee, nani atatupa sasa?"

"Nani amekufa?" nyanya aliuliza.

Kilio kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mwanamke mmoja alikimbia moja kwa moja kupita kwenye maharage. Wengine walibaki midomo wazi.

"Nawauliza, nani amekufa? Nyumba ni yangu hii."

Mzee Erifazi, mkubwa wa ukoo wetu, alisimama karibu na moto, akamtazama nyanya kuanzia miguuni, akasema, "Ketura, weka mzigo chini ili tuone kivuli chako."

Akauweka. Kivuli kilikuwepo. Hapo watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, na jina lililokuwa linarudi ni la Benedicte.

Nyanya aliwaacha waseme. Halafu akawageukia wanawake. "Wakati nafika nilisikia mtu anasema nilikuwa natoa bila kuhesabu. Ni nani huyo?"

Wakatazamana.

"Namuuliza kwa wema. Ni nani alisema? Aseme tena, nasikia sasa."

Mwanamke aliyekuwa anaongoza kilio alikuwa anang'oa majani kwa vidole, nyasi moja moja.

Tefiro alifika jua likiwa bado kali, kwenye pikapu ya kukodi. Alishuka analia kweli, machozi na kamasi, na nyuma ya pikapu kulikuwa na jeneza. Lilikuwa jeneza zuri, la mbao iliyopigwa vanishi, na juu, mahali pa uso, kidirisha cha kioo. Aliingia uani anaita "Mama! Mama yangu!" kama watu wanavyoita wakijua hawataitikiwa, na mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo.

"Umekuja," nyanya alisema.

"Mama?" Alishika ukuta. "Walisema... Crispus alisema umekufa."

"Ndiyo. Na wakati tulisema naumwa mgongo?"

Machozi ya Tefiro yalikuwa bado yanashuka, maana macho hayakupata habari upesi. Mtu mmoja karibu na moto alicheka, akajifanya anakohoa. Basi Tefiro akatafuta mahali pa kuweka hasira, na mahali palikuwa panakuja pale njiani: Benedicte, anakimbia, amesikia habari sokoni.

"Wewe! Nani alikutuma umsifu mama yangu?"

"Nilikuwa nashukuru, ndugu yangu. Ni shairi tu. Nilikuwa..."

"Mutu hasifiwi hivyo bure! Umemwitia kaburi!"

"Miye niliona ni mubaya kumungojea akufe," Benedicte alisema. "Akufe halafu tumuambie? Atasikia na nini?"

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyomharibia. Wangemsamehe kama angesema amekosea.

Mzee Erifazi alisema moto wa matanga uliowashwa kwa mtu aliye hai hauzimwi na maji tu, lazima mbuzi achinjwe, na mbuzi atatoka kwa aliyeuwasha. Nyanya akasema aliyeuwasha ni Crispus na kiberiti chake. Mzee akasema haongei habari ya kiberiti. Benedicte akauza mzigo wake wote wa vitenge akaleta mbuzi. Waliokuwa wamekuja kulia ndio waliomla, na Crispus alirudia mchuzi.

Kesho yake Baker alimwambia mashairi basi. Atabaki kutangaza, kwa sababu Kiswahili chake kinahitajika, lakini akisikia ubeti mmoja anamtoa. Benedicte hakuwa tena na vitenge. Alikuwa na kizindalo peke yake. Alikubali. Tangu hapo alisoma mbuzi na chanjo na vifo, na niliona mkono wake unavyokishika kile kipaza sauti, kama mtu aliyeshika kijiko wakati hakuna chakula.

Jeneza lilibaki kwetu. Fundi aliyelitengeneza alisema jeneza likishafika kwenye matanga halirudi dukani. Tefiro aliliacha ukutani akarudi Hima kabla ya giza, akasema anakuja wiki ijayo. Nyanya alilizunguka siku kadhaa. Baadaye akalipangusa ndani, akamimina unga wa nyumbani. "Panya hawaingii," alisema. Kupitia kidirisha uliweza kuona unga umefika wapi, na wageni walikuwa wanakaa wameupa mgongo upande huo.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa moyoni. Kila mtu Bwera alikuwa amelisikia shairi lake, isipokuwa yeye. Alienda kwa Baker. Nilikuwa nimeshika mfuko wa unga aliompelekea.

"Mwache aseme mara moja tu," nyanya alisema. "Mimi nikiwa nimesimama hapa chini ya mti. Wote watuone, mimi na shairi, pamoja. Hakuna atakayedanganyika."

"Mama, watu watakimbia soko."

"Wakikimbia watarudi. Samaki wao wako hapa."

"Ukifa, mama, naahidi," Baker alisema, tena kwa upole, alidhani anampa kitu kizuri. "Ukifa tutasema yote. Mara mbili."

Nyanya alichukua mfuko wake wa unga kutoka mkononi mwangu, akarudi nao.

Siku ambayo si ya soko, meza zikiwa tupu, alimwita Benedicte. "Basi niambie hapa." Benedicte alitazama kibandani kwa Baker, akatazama njia, akainama karibu na sikio la nyanya akaanza kunong'ona. Nyanya alisikiliza ubeti wa kwanza. Alifumba macho. Kwenye wa pili akainua mkono.

"Kwa sauti, binti yangu."

"Siwezi, mama. Atanitoa."

Nyanya alitikisa kichwa. "Basi acha. Sifa ya kunong'onezwa ni kama umbea." Hakuwa amekasirika. Alimshika Benedicte shavu, akamwacha alama ya unga, akaanza kukusanya magunia yake. Benedicte alibaki ameinama pale pale, na sikio halikuwepo tena.

Nyanya alikufa mwanzoni mwa mvua. Homa ilimshika, ikamchukua. Safari hii Tefiro hakuamini mpaka alipozungumza na mimi.

Baker mwenyewe ndiye aliyemfuata Benedicte. Watu walikuwa wameshakusanyika chini ya mkaratusi, wengi kuliko siku ya soko, wauza samaki, wanawake wa unga, Crispus kofia mkononi. Walikuwa wametulia, wanangoja. Tefiro alisimama mbele na simu juu, anarekodi.

"Leo sema yote, madamu," Baker alimwambia. "Usiharakishe. Hata ukitaka kurudia."

Hilo ndilo aliloliomba tangu mwanzo: soko zima kimya, linamsikiliza. Benedicte alikishika kipaza sauti. Alitutazama muda mrefu.

"Tangazo," alisema. "Ketura wa Bwera, muuza unga, amekufa. Anazikwa kesho saa nane, nyumbani kwake. Tangazo lingine. Mbuzi ya Byamukama imepotea, jike, nyeusi, pembe moja imevunjika."

Akaweka kipaza sauti mezani.

Watu walingoja. Spika zilikuwa zinakoroma kidogo zenyewe.

"Na shairi?" Tefiro alisema, simu ikiwa bado juu.

"Ile ilikuwa ya mutu anaishi," Benedicte alisema. "Mulimunyima."

"Mwenyewe alikupa unga!" mtu alipaza sauti nyuma. Mwingine: "Kumbe ana roho mbaya hivi?" Crispus akasema Wakongomani ndivyo walivyo, unawalisha halafu wanakunyima maneno, kitu kisichonunuliwa. Wale wanawake wa unga, niliwatazama wote, hata mmoja hakuangalia chini. Baker alimtoa Benedicte siku ile ile, mbele ya watu, na watu wakaona amefanya vizuri. Sasa anachoma mahindi kando ya barabara, na kwenye kizindalo mpwa wa Baker anatangaza kwa Kiswahili cha kubabaisha. Mtu akifiwa utawasikia: yule madamu alikuwa anajua kutangaza, lakini alijiharibia.

Kwenye maziko alikuja. Alileta kuni kama jirani yeyote, akaziweka mahali pa kuni, akakaa nyuma. Hakuna aliyemsalimia.

Jeneza tulikuwa nalo tayari. Tulihamisha unga kwenye magunia, tukalipiga upande mmoja na mwingine, tukapangusa kwa kitambaa, lakini kwenye pembe unga ulibaki. Nyanya alipolazwa, nguo yake nyeusi ilishika weupe viwikoni. Yule mwanamke aliyeongoza kilio mara ya kwanza ndiye aliyeongoza na mara hii, kwa maneno yale yale: Ketura wee, ulikuwa unatoa bila kuhesabu. Kifuniko kilipofungwa, Tefiro aliinama ili amwone mama yake kwenye kidirisha. Hakuona vizuri. Alikipangusa kioo kwa mkono wa shati, akapangusa tena, kwa nguvu, mpaka watu wakaanza kumtazama. Vumbi lilikuwa upande wa ndani.